Magofu ya Gede: maswali tunayoulizwa kila likizo ikikaribia

Tunaoishi Malindi tumezoea. Shule zikifungwa tu, jumbe zinaanza kuingia: jamaa wa bara, shemeji wa Tanga, rafiki wa rafiki aliyekodi chumba Watamu. Maswali ni yale yale, kwa hiyo tumeyakusanya hapa na majibu yake. Penye jambo la kueleza tumeeleza kwa urefu, kwingine tumejibu kwa mkato.

Gede ni kitu gani, hasa?

Ni mji wa kale wa Waswahili, wa nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, uliomezwa na msitu. Uko kilomita kama 16 kusini ya Malindi, kando ya njia ya Watamu. Watu waliishi hapo kwa mamia ya miaka. Mji ulinawiri zaidi katika karne ya 15, na karne ya 17 ilipoingia ulikuwa ukihamwa. Leo utakuta msikiti mkuu na misikiti midogo kadhaa, kasri, nyumba za matajiri, makaburi ya nguzo (yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe), visima, na kuta mbili za mji. Ukuta wa nje peke yake umezunguka ekari kama 45.

Juu ya yote hayo umeota msitu wa haki: mibuyu, mikwaju, na mikuyu ambayo mizizi yake imeteremka ukutani ikayakumbatia mawe. Ndiyo maana si kila anayekwenda Gede anafuata historia. Familia nyingi za hapa huenda kufuata kivuli na hewa, watoto wakimbie, wazee wakae. Hatuwalaumu. Ukiitazama pwani ilivyojengwa siku hizi, mahali pa umma penye miti mikubwa namna ile si pengi.

Julai 2024, katika kikao cha New Delhi, UNESCO iliiingiza Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa hiyo sasa iko safu moja na Mji wa Kale wa Lamu (2001), misitu mitakatifu ya Kaya za Mijikenda (2008) na Fort Jesus (2011).

Nifikeje?

Ukiwa Malindi, panda matatu ya Watamu, umwambie makanga akushushe Gede magofuni. Gari za Mombasa pia hupita Gede, ila hizo zitakuacha barabara kuu, na hapo utamalizia kwa miguu au kwa bodaboda. Ukiendesha mwenyewe kutoka Malindi, kata kushoto penye njia ya Watamu. Ukitokea Mombasa, kata kulia. Vibao vipo.

Tuktuk ni raha zaidi mkiwa watatu. Patana bei kabla hujakaa, na mkubaliane waziwazi kama dereva atakungoja au atakwenda zake.

Kiingilio ni kiasi gani?

Gede iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na viwango vimegawanywa: raia, wakazi wa Afrika Mashariki, wageni wa nje, watu wazima na watoto. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, na mwanafunzi hulipa kidogo zaidi. Viwango hubadilika, basi vitazame kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, kabla ya kutoka nyumbani, maana malipo nayo yanapitia huko huko. Beba kitambulisho, na simu yenye chaji na salio. Tumeona watu wazima wakibishana getini na noti ya elfu moja mkononi.

Ni wakati gani mzuri wa kwenda?

Asubuhi, mara geti linapofunguliwa. Jua bado liko chini na linaingia kati ya miti kwa ubavu, kuta zinaonekana vizuri, na ndege hawajanyamaza. Adhuhuri kunakuwa na vuguvugu lisilo na upepo, kwa sababu msitu huzuia hata ule upepo wa baharini uliouzoea mjini. Alasiri pia si mbaya, ila usifike umechelewa ukadhani utamaliza kwa dakika ishirini.

Kuhusu msimu: kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni joto na kavu. Masika, hasa Aprili na Mei, njia huteleza na mbu ni wengi, lakini msitu ndio huo umependeza na hutakuta msongamano. Sisi wenyewe hupenda Agosti, kusi kikiwa kinavuma na jua limetulia.

Katikati ya wiki, shule zikiwa wazi, huenda ukakutana na mabasi mawili matatu ya wanafunzi. Wakifika, kaa kando ya kisima uwasubiri wapite. Hawakai sana sehemu moja.

Lazima nichukue kiongozi?

Si lazima, lakini chukua mara ya kwanza. Bila kiongozi utaona kuta, kuta, na kuta nyingine. Waongozaji wa Gede wengi wamezaliwa vijiji vya jirani, wanajua miti kwa majina yake na watakuonyesha mambo ambayo bango halisemi.

Tatizo lake ni moja. Wageni wengi hupenda visa vya sultani na wake zake, na kisa cha mji ulioangamia kwa usiku mmoja, kwa hiyo muongozaji naye hukupa kile anachodhani umekifuata. Mpeleke unakotaka wewe. Muulize: walikoga wapi? Maji machafu yalitoka vipi? Walipika upande gani? Watu maskini walikaa wapi? Utamwona uso unabadilika, na kuanzia hapo mazungumzo yanakuwa mengine.

Hilo la maskini lina jibu zuri, tulitaje hapa hapa. Nyumba za mawe unazoziona ni za wenye nacho, na zimekusanyika karibu na kasri na msikiti mkuu. Wakazi wengi walikaa nyumba za udongo na makuti, na udongo haudumu. Kwa hiyo zile nafasi tupu kati ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje, ambazo mtu huzipita haraka akidhani ni msitu tu, ndizo zilikuwa mitaa yenye watu.

Nina saa moja tu. Nione nini?

Saa moja ni kidogo, jitahidi upate mbili. Ukishindwa, anza na kaburi lenye tarehe. Lina maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye chokaa, yakitaja mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Kwa wataalamu kaburi hilo ni kama msumari ulioshikilia kalenda nzima ya mji, kwa kuwa vilivyo juu ya tabaka lake ni vya baadaye na vilivyo chini ni vya kabla.

Kisha ingia kasri, upite baraza zake na viwanda vyake, yaani nyua za wazi, vilivyoshuka chini ya usawa wa vyumba. Toka hapo uende Msikiti Mkuu. Nyumba, ukibakiwa na dakika kumi, chagua moja tu na uikague vizuri.

Kuna pia jukwaa la mbao juu ya mti mkubwa. Ukilikuta wazi, panda. Ramani ya kasri inasomeka ukiwa juu kuliko ukiwa chini.

Msikiti Mkuu una nini cha pekee?

Una mengi, lakini usikimbilie mihrabu. Anzia uani, upande wa kisima. Kuna kisima, kuna mfereji uliopeleka maji, kuna birika la udhu, na chini, penye kutilia miguu, kuna vipande vya matumbawe vilivyopachikwa sakafuni kwa ajili ya kusugulia nyayo. Chuchumaa uvitazame. Bado vinakwaruza. Mtu alikuwa akitoka shamba, miguu imejaa vumbi, anasugua hapo, anamimina maji, anaingia. Ukiwa umekulia Lamu au Mambrui au Siyu, hakuna haja ya mtu kukufasiria mpangilio ule.

Ndani, paa limeshaanguka zamani, lakini nguzo zimebaki katika safu tatu. Safu ya katikati imeelekea mihrabu moja kwa moja, kiasi kwamba aliyesimama nyuma kati hamwoni imamu. Wageni hushangaa, huona ni kosa la fundi. Misikiti mingi ya kale ya pwani yetu imejengwa hivyo hivyo, na watu waliswali bila malalamiko. Mihrabu yenyewe ilipambwa kwa visahani vya kauri vilivyopachikwa ukutani, na utaona alama zake. Hakuna mnara. Kuna ngazi ya kupandia juu ya paa, na huko ndiko muadhini aliadhini.

Kwa nini nyumba zina majina ya ajabu?

Kwa sababu wachimbuaji waliziita kwa vitu walivyovikuta ndani. Iko Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi (makombe ya baharini), Nyumba ya Kijaluba cha Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venice, na kadhalika. Majina ya wenye nyumba hatunayo, basi tumebaki na vitu vyao.

Vitu hivyo, au vilivyofanana navyo, vitazame kwenye jumba dogo la makumbusho hapo hapo penye lango kuu. Ushauri wetu: lipitie mwanzo, si mwisho. Ukishaona bakuli la China kwa macho yako, ukuta wa nyumba lilimookotwa unapata maana nyingine.

Sarafu za Kichina zisikushangaze. Malindi na China walijuana vizuri: mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimpelekea mfalme wa China twiga. Vyombo vya China, shanga za India, vyungu vya Uajemi, vyote vilifika kwa pepo za kaskazi na kusi, na vilivyoondoka ni pembe za ndovu, dhahabu ya kusini, na bidhaa za msituni.

Nikiwa ndani ya nyumba, nitazame nini?

Kwanza, upana wa vyumba. Vyote ni virefu na vyembamba, kama mita mbili na nusu hivi. Sababu ni boriti. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko una kikomo chake. Tajiri wa Gede alikuwa na kauri ya China mezani lakini hakuweza kuwa na chumba kipana. Nyumba za mawe za Lamu ziko hivyo hivyo hadi leo, kwa sababu ile ile.

Pili, mpangilio. Unaingia kwa daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unashuka kiwanda cha wazi, kisha vyumba vinafuatana kuelekea ndani, na kila ukizidi kuingia mambo yanazidi kuwa ya siri ya wenyewe. Mgeni alikomea mbele. Kwenye kuta utaona vidaka vidogo vya kuwekea taa, na matundu ya vigingi vya kutundikia mazulia au vitambaa.

Tatu, ghala. Katika baadhi ya nyumba kuna chumba kimoja cha nyuma kisicho na mlango kabisa. Watu hudhani ni jela au kaburi. Kilikuwa stoo ya mali: mtu aliingia kwa tundu la juu, kwa ngazi, kisha ngazi ikaondolewa.

Nne, na hili ndilo tunalolipigia debe kuliko yote, vyoo. Nyumba za Gede zina choo ndani, shimo lililojengewa kwa mawe, na kando yake pa kustanjia na pa kuogea, penye kijukwaa cha kuwekea chombo cha maji. Mifereji ya maji machafu nayo ipo. Tunazungumzia karne ya 15. Kuna miji mikubwa ya Ulaya wakati huo ambako mtu alimwaga uchafu wake dirishani. Cha kusikitisha, waongozaji wengine huona haya kumsimamisha mgeni mbele ya choo, wakampitisha haraka kwenda kumwonyesha alipokaa sultani. Wewe simama.

Mji huu ulijengwa na Waarabu?

Swali hili linatuchosha na ndilo tunalopenda kulijibu.

Kwa miaka mingi tulisomeshwa kwamba miji ya pwani ililetwa kwa majahazi, ikiwa kamili, na Waarabu au Washirazi. James Kirkman, mtaalamu aliyechimbua Gede kuanzia 1948 kwa miaka kumi hivi, naye katika maandishi yake aliuita mji wa Waarabu. Alifanya kazi kubwa na bila yeye tungejua machache, lakini hapo aliona kwa macho ya wakati wake.

Kisha, miaka ya 1980, kulichimbuliwa mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, hadi kufikia kijisikiti cha miti na udongo cha karne ya 8. Yaani mawe yalikuja taratibu juu ya udongo, katika mtaa ule ule, kwa watu wale wale. Hakuna siku ambayo mji uliteremshwa kutoka jahazini.

Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya pwani kama Manda na Mtwapa. Ulionyesha mchanganyiko: kwa upande wa kike asili ni ya Kiafrika kwa kiasi kikubwa sana, na kwa upande wa kiume kuna asili ya Uajemi kwa wingi. Wazee wetu waliosema babu zao walitoka Shirazi hawakuwa wakiongopa, na waliosema sisi ni watu wa hapa hawakuwa wakiongopa pia. Mwanamke wa hapa ndiye aliyekuwa na nyumba, na mgeni aliyeoa aliingia humo, akazaa watoto wanaozungumza lugha ya mama.

Kwa hiyo muongozaji akikwambia Waarabu ndio waliojenga, muulize kwa upole matumbawe yalikatwa wapi, chokaa ilichomwa na nani, na boriti zilitoka mikoko ya Mida, hapo karibu, kwa mikono ya nani.

Watu waliondoka kwa nini?

Hakuna moto, hakuna tetemeko, hakuna usiku mmoja. Mji ulipungua kwanza, ndipo ukaisha. Ushahidi wake unaupita kwa miguu: ukuta wa ndani ni wa karne ya 16, umejengwa baada ya ule wa nje, na umezunguka eneo dogo zaidi. Watu walishajikunyata.

Maji yalikuwa shida mojawapo. Visima vya Gede vinaonyesha dalili za maji kushuka chini, kiasi cha kulazimu kuongeza kina. Chungulia kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu, kwa uangalifu, na ufikirie kina mama na watumwa waliovuta kamba ile kila alfajiri.

Halafu kulikuwa na vurugu. Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa Zambezi, walipita pwani mwaka 1589 wakaivamia Mombasa, kisha wakaja upande wa Malindi, ambako walishindwa na Wasegeju. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus, na mtawala wa Malindi, rafiki yao, akahamia Mombasa pamoja na kiti chake. Malindi ikadhoofika. Baadaye Waoromo wakashuka kutoka kaskazini na miji mingi ya pwani ya bara ikaachwa. Ukiwa na kisima kinachokauka na jirani mwenye nguvu ameshahama, huhitaji adui mkubwa ili ufunge mizigo.

Ni kweli Wareno hawakuujua mji huu?

Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498 akakaribishwa vizuri, na baadaye Wareno walikaa mjini hapa kwa karibu karne nzima. Gede ilikuwa mwendo wa asubuhi moja tu kutoka kwao. Hata hivyo maandishi yao hayautaji mji huu kwa namna iliyo wazi, na watu wamejenga juu ya ukimya huo hadithi za kila aina.

Kwa maoni yetu hadithi zimepitiliza. Gede haiko ufukweni, iko kilomita kadhaa ndani, na Mreno alikuwa mtu wa bandari na ushuru wa bandari. Asichokiona kutoka melini hakumshughulisha sana. Tena hatupendi maneno ya kwamba mji “ulipotea” ukaja “kugunduliwa”. John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, aliufikia 1884, ukatangazwa kuwa mahali pa kihistoria 1927, na 1948 ukawa hifadhi ya taifa. Wagiriama wa vijiji vya pembeni walikuwa wakiujua muda wote huo, na walikuwa na adabu zao juu yake.

Kuna majini?

Inategemea unamuuliza nani na saa ngapi.

Imani ya wenyeji ni kwamba mji una wenyewe, wazee wa zamani ambao hawajaondoka, na anayeharibu au kuiba hapo hupatwa na jambo. Hata Kirkman aliandika kuwa alipoanza kazi alihisi anatazamwa kutoka nyuma ya kuta. Sisi hatutakubishia wala hatutakuapia. Ila tuseme hivi: mashamba yamezunguka Gede pande zote, kuni zinahitajika kila nyumba, na bado ule msitu umesimama. Panga halikuingia kwa sababu watu waliogopa au waliheshimu, vyovyote utakavyoita. Kaya za Mijikenda zimehifadhiwa kwa njia hiyo hiyo, na hakuna askari wa misitu aliyewahi kufanya kazi nzuri kuliko wazee hao wasioonekana.

Ukiwa na wasiwasi, soma dua zako uingie. Mchana hakuna aliyelalamika.

Na wale kima?

Wapo, na wamezoea watu kupita kiasi. Usiwape ndizi, hata kama mtu amekuuzia ndizi kwa kazi hiyo hiyo na anakuahidi picha nzuri bega lako likiwa na kima. Mnyama aliyezoeshwa kulishwa ndiye anayempokonya mtoto biskuti. Funga mkoba.

Mnyama wa kumtafuta ni sange, yule mwenye pua ndefu kama kijimkonga na manyoya ya dhahabu nyuma. Aina hiyo haipatikani popote duniani isipokuwa misitu ya pwani yetu, hasa Arabuko-Sokoke. Hapa Gede unaweza kumsikia akifukua majani makavu kabla hujamwona. Tulia, usiite wenzako kwa sauti.

Nikija na watoto au na mzee asiyetembea vizuri?

Watoto hufurahi kuliko wakubwa. Waonye tu kuhusu visima na kupanda kuta; mawe yale yana miaka mia sita na hayahitaji kuchezewa.

Kwa mzee, au mtu wa kiti cha magurudumu, njia ni za udongo, zina mizizi na vidato. Makumbusho na maeneo ya karibu na lango yanawezekana kwa msaada. Kasri ni kazi. Mzee wetu akichoka humkalisha chini ya mbuyu na maji yake, tunamrudia.

Mradi wa vipepeo uko wapi?

Hapo hapo ndani ya eneo. Unaitwa Kipepeo, ulianza 1993. Familia zinazoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi, na mabuu yakishajifunga husafirishwa hadi kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na kwingineko. Fedha zinarudi kijijini, kwa hiyo mtu anapata sababu ya kutokata mti ambao kipepeo anautagia. Nenda jua likiwa limewaka, maana kukiwa na wingu vipepeo hulala. Asali yao ni nzuri.

Nivae nini? Naweza kuswali?

Viatu vilivyofunika vidole, nguo nyepesi ya mikono mirefu, dawa ya mbu. Kanga au leso ya ziada haikosi kazi.

Msikiti Mkuu ni gofu, hauswalishwi jamaa. Misikiti inayotumika iko Gede madukani na Watamu. Lakini hata gofu la msikiti lina heshima yake, na makaburi vile vile. Kukaa juu ya kaburi la nguzo ili upigwe picha ni utovu wa adabu, na wenyeji watakuona hivyo hata wakinyamaza.

Picha zinaruhusiwa?

Za simu, ndiyo. Za harusi, filamu au biashara, omba kibali ofisini kabla ya siku yenyewe. Droni ina sheria zake nchini Kenya, usiirushe tu kwa kuwa unayo.

Nikiokota kigae cha chungu njiani?

Kiache kilipo, umwonyeshe mlinzi. Kigae kikishaondoka mahali pake hakimwambii mtu chochote tena: kinachofanya Nyumba ya Mkasi iwe Nyumba ya Mkasi ni kwamba mtu aliandika mkasi ulikutwa chumba gani. Kukisafirisha nyumbani ni kosa la jinai pia.

Tule wapi, na baada ya hapo twende wapi?

Ndani beba maji, na takataka zako urudi nazo. Nje, pale Gede madukani, asubuhi utapata mahamri na mbaazi, na mchana wali kwa samaki au maharagwe. Njiani watoto wataona wauza mabuyu na achari, huna ujanja, nunua.

Ukiwa na nusu siku iliyobaki, chagua. Mida Creek iko karibu, ina mikoko na ndege wa pwani. Arabuko-Sokoke iko ng'ambo ya barabara kuu, lakini msitu ule unataka alfajiri, hivyo uwekee siku yake. Ukipenda kufuata historia, rudi Malindi mjini uone nguzo ya Vasco da Gama na kile kikanisa kidogo cha Wareno, utembee hadi makaburi ya nguzo kando ya msikiti wa Ijumaa.

Matatu za kurudi Malindi zinapita hadi jioni. Usiku ukiingia hupungua, na anayebaki stendi atapatana na tuktuk kwa bei ya tuktuk.